Siku ya Tatu, Mpe Jembe

Juni ikiingia, nyumba ya dada yangu hubadilika harufu. Kuanzia Septemba hadi Mei inanuka poda ya watoto, maziwa ya vuguvugu na uji. Mwanzoni mwa Juni inaongezeka harufu ya soksi, ya raba zilizoloa jasho, na ya pakiti ya chipsi iliyofichwa chini kabisa ya begi ili dada, ambaye watoto humwita Mama Mkubwa, asiione. Hapo ujue wakubwa wamefika.

"Wakubwa" ni neno lake mwenyewe. Dada ana deikea nyumbani kwake, kusini-magharibi mwa jiji la Houston, Texas, na mimi ninayeandika haya huwa msaidizi wake majira ya joto. Leseni yake inamruhusu kukaa na watoto wasiozidi 12 kwa wakati mmoja, wa miaka 13 kushuka chini, na idadi hiyo hupungua kadiri wachanga wanavyoongezeka. Mwaka mzima wateja wake ni watu wa nepi na chupa. Lakini shule zikifungwa mwishoni mwa Mei, wazazi walewale wanaoleta wadogo huja na kaka na dada zao: wa miaka sita, minane, tisa, kumi na mmoja. Likizo ni wiki kumi au zaidi. Kambi za watoto hapa mjini zinadai mamia ya dola kwa wiki kwa kichwa kimoja, na mama anayefanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee hana pesa hizo, wala baba anayepakia mizigo ghalani. Kwa hiyo mkubwa anateremshwa mlangoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mto wake kwapani, macho hayajafunguka.

Wengi huamini likizo hii ndefu ni mabaki ya enzi za kilimo, watoto walipohitajika shambani. Mwanahistoria wa elimu Kenneth Gold ameonyesha kwamba haikuwa hivyo. Kazi kubwa ya shamba ni kupanda na kuvuna, na katika karne ya 19 shule nyingi za vijijini zilifungwa nyakati hizo, zikafundisha katikati ya joto na katikati ya baridi. Za mijini zilikuwa wazi karibu mwaka mzima. Kalenda za pande mbili zilipokuja kulinganishwa, miezi ya joto ndiyo iliyoachwa wazi. Kwa maneno mengine, likizo hii haikuwahi kupangiwa shughuli. Ni shimo lililobaki baada ya watu wazima kukubaliana mambo yao.

Sasa mchukue huyo mkubwa umweke siku nzima ndani ya nyumba iliyopangwa kwa ajili ya mtoto wa miaka miwili. Viti vinamfika magotini. Vitabu ni vya picha za bata. Soketi za umeme zimezibwa kwa plastiki, kabati zina vizuizi, na mlango wa jikoni una kigeti ambacho anaweza kukivuka bila kuinua mguu sana. Kila anachokitazama kinamwambia kwamba hapa si pake. Siku ya kwanza anakaa kwa adabu. Ya pili, adabu imepungua kidogo. Ya tatu utamkuta nyuma ya kochi akimfundisha mtoto wa miaka mitatu kutema mate yafike mbali.

Mwaka wangu wa kwanza, 2024, nilijiandaa kama mwalimu wa zamu. Nilichapa ratiba ya nusu saa kwa nusu saa na kuibandika kwenye friji. Saa mbili na nusu kuchora, saa tatu kufinyanga unga wa rangi, saa tatu na nusu shanga, na kadhalika mpaka jioni. Kwa pesa yangu nilinunua gundi, karatasi za rangi, vijiti vya aiskrimu na mfuko mzima wa manyoya bandia ambayo hadi leo sijui nilidhani yatafanya nini. Kuchora kulikwisha kwa dakika sita. Shanga zilichukua kumi, na tatu kati ya hizo tulizitumia kumtoa shanga mmoja aliyeikwamisha puani. Kufikia Jumatano mchana nilikuwa nimemaliza shughuli za wiki mbili, gundi imeganda kwenye zulia, na mvulana wa miaka kumi na mmoja, ambaye wazazi wake walitokea Bukavu, Kongo, amelala chali katikati ya sebule akitazama dari.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Nangoja."

"Unangoja nini?"

"Agosti."

Dada, aliyekuwa akiosha mchele, alicheka mpaka akajishikiza kwenye sinki. "Mdogo wangu, wewe unawaandalia kama wageni," akasema. "Mgeni siku mbili. Leo siku ya ngapi?"

Methali naijua tangu utotoni, na sikuwahi kufikiri kwamba inamhusu mtoto. Siku hizo mbili tunazisema kwa utani, kama vile tunamchoka mgeni. Lakini mkumbuke aliyewahi kukaa kwenu wiki nzima bila kuruhusiwa hata kumenya kitunguu: alivyokuwa akizunguka zunguka, akiomba japo afagie uwanja. Kupewa jembe ndiko kuambiwa sasa wewe ni wa hapa.

Jembe la kwanza la yule mvulana lilikuwa kopo. Nyuma ya nyumba dada amepanga ndoo nyeupe za plastiki, kumi na nne, zimetobolewa chini, kila moja ina udongo na mboga yake: mchicha, bamia, matembele, majani ya maboga. Saladi ya Kizungu haistahimili joto la Houston, lakini mboga za kwetu zinalifurahia. Shida ni kwamba ndoo hukauka upesi, na Julai hapa ni nyuzi 35 zikichanganyika na unyevu wa Ghuba ya Meksiko. Aliyewahi kuishi Dar es Salaam mwezi wa Februari anaelewa. Dada alisimama karibu na kichwa cha yule mvulana na kumwambia, kwa sauti ya mtu anayemweleza mwenziwe shida: "Zile bamia zisipopata maji kabla jua halijapanda, zinakufa. Na mimi sina mtu."

Mvulana akageuza kichwa. "Ngapi?"

"Ndoo kumi na nne. Makopo mawili kila moja. Ile ya pembeni matatu, inavuja."

Akainuka. Hakukimbia wala hakutabasamu. Aliinuka tu, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Alipofika kwenye mchicha akasema, "Kumbe ni lenga-lenga," na hilo lilikuwa neno la kwanza la Kiswahili nililomsikia akisema bila kusemeshwa.

Nimelifikiria sana lile "sina mtu". Kwetu mtoto hukua kwa kutumwa. Anatumwa dukani kwa Mangi kuchukua chumvi, anatumwa kwa jirani na sahani ya futari iliyofunikwa kawa, anatumwa kumwambia babu kwamba chakula tayari. Kutumwa ni kukabidhiwa vitu vitatu kwa mpigo: chenji, maneno, na njia. Ukipoteza chochote kati ya hivyo utaulizwa, na kuulizwa huko ni heshima, maana haulizwi mtu asiyetegemewa. Mtoto wa miaka tisa hapa Houston ninapokaa hatumwi. Duka liko ng'ambo ya barabara ya njia sita na hakuna mahali pa kuvukia. Jirani hamjui jina. Anabebwa kwa gari kutoka mlango hadi mlango, anapewa kila kitu, na hakuna kitu kinachoharibika asipokuwepo. Halafu tunashangaa ameboeka.

Kuna watafiti walioliona jambo hili kabla yetu, na sehemu ya ushahidi wao waliutoa Kenya. Katika miaka ya 1950 Beatrice na John Whiting walisimamia utafiti wa kuwatazama watoto wa miaka 3 hadi 11 katika jamii sita duniani. Moja ilikuwa Nyansongo, katika nchi ya Wagusii. Nyingine ilikuwa mji mdogo wa kaskazini-mashariki mwa Marekani walioupa jina la kuuficha, Orchard Town. Kitabu chao cha watoto wa jamii sita kilitoka mwaka 1975. Watoto wa Nyansongo walichunga ng'ombe, walichota maji, walibeba wadogo zao, na walionekana wepesi wa kutoa msaada na kuelekeza wenzao. Wa Orchard Town walikuwa na kazi pia, lakini nyingi zilikuwa za kujihudumia wenyewe: kutandika kitanda chako, kuokota midoli yako. Hao walizidi katika kutafuta kutazamwa na kusaidiwa. Kabla ya hapo, mwaka 1973, Carol Ember alichapisha utafiti kutoka kwa Wajaluo. Katika nyumba zisizokuwa na msichana wa umri wa kufaa, wavulana walipewa kazi za wasichana, zikiwemo za kulea kitoto, na wavulana hao walikuwa na ugomvi mdogo kuliko wenzao.

Nilipomsomea dada habari hii aliniuliza kama hao watafiti walilipwa.

Lakini kanuni za Texas si za Kisii. Mlezi lazima awe mtu aliyefunzwa na kukaguliwa. Hata mimi, na kila mkazi wa nyumba aliyefikisha miaka 14, rekodi zetu zilipekuliwa. Mkubwa hahesabiwi kuwa mlezi hata kwa dakika moja. Hawezi kuachiwa mtoto, hambebi kwenye ngazi, hambadilishi nepi. Na sawa tu. Wanaolala hapa ni watoto wa watu. Kwa hiyo dada amepindua mambo. Wakubwa hawawashiki wadogo, wanafuatwa nao. Yule wa Bukavu akienda kumwagilia, nyuma yake kuna msafara wa vibarua watatu wenye vikombe vya kuchezea, na kazi yake ni kutembea polepole. Msichana wa miaka minane husimama kwenye kistuli mbele ya sinki na kunawa mikono kwa mbwembwe nyingi, kila kidole, kama daktari wa upasuaji kwenye filamu. Wadogo wanamwiga wote mpaka viwiko.

Kazi iliyogombaniwa kuliko zote ilikuwa ya ukaguzi wa sahani. Serikali ya Marekani ina mpango wa kurudishia deikea sehemu ya gharama za chakula, na kwa deikea ya nyumbani hulipia milo miwili na kitafunwa kimoja kwa mtoto kwa siku, au mlo mmoja na vitafunwa viwili, mradi sahani itimize masharti. Mlo wa mchana unatakiwa uwe na vitu vitano: maziwa, nyama au kibadala chake, mboga, tunda na nafaka. Dada aliviandika kwenye ubao mdogo, akampa chaki msichana wa miaka tisa, Mtanzania aliyezaliwa hapahapa, akamwambia: "Kila Jumatatu wewe na wenzako mnapanga chakula cha wiki. Kikipungua kitu, hatulipwi."

Ndani ya wiki mbili msichana huyo akawa mwanasheria. Wali ni nafaka, sawa. Bamia ni mboga, sawa. Embe, tunda. Lakini maharage, kwa mujibu wa mpango huo, yanaweza kuhesabiwa kuwa mboga au kuhesabiwa badala ya nyama, ila si vyote viwili katika mlo mmoja. Jumatano moja nilipakua wali, maharage, embe na maziwa, nikadhani nimemaliza. Akaja na chaki. "Mama Mdogo, leo maharage ni nini?" Nikasema ni maharage. "Hapana. Ni nyama au ni mboga?" Nikasema tuseme nyama. "Basi mboga iko wapi?" Wakubwa wanne wakatoka nje na kuchuma matembele huku mimi nikisubiri kama mtuhumiwa.

Ijumaa ni chapati. Kukanda, kukata matonge, kusukuma: hizo ni zao. Tawa na moto ni vya dada peke yake, na hapo hakuna mjadala. Zinatoka chapati zenye ramani ya kila nchi ya Afrika isipokuwa duara, na kila mtu anaitambua yake kwenye rundo.

Si kila mzazi alifurahi. Katikati ya Juni mama mmoja, Mtanzania mwenzetu, alisimama mlangoni jioni na funguo za gari mkononi. "Shikamoo dada. Samahani, mwanangu ananiambia leo kaosha vyombo. Mimi nalipa, dada. Silipi ili aje kuwa hausigeli."

"Marahaba. Kaosha kweli," dada akajibu. "Vikombe vinane vya plastiki. Njoo kesho mapema kidogo, umwone."

Alikuja. Alimwona mwanawe kwenye mstari wa sinki, mmoja anasugua, mmoja anasuuza, mmoja anapanga, wanapiga soga na maji yako kila mahali. Hakusema kitu. Jumatatu akasema angependa zaidi mtoto wake afundishwe hesabu. Dada akakubali bila kununa, na binti akahamishiwa kuhesabu kete za bao, ambazo nitazieleza.

Nilimlaumu mama yule moyoni kwa siku kadhaa, halafu nikaacha. Anatoka mahali ambapo anaijua sura nyingine ya jambo hili. Sote tumekaa katika nyumba zenye binti wa miaka kumi na mitatu aliyetolewa kijijini, anayelala wa mwisho na kuamka wa kwanza, na tukamwita "msaidizi". Kati ya kutumwa na kutumikishwa lugha yetu imeweka silabi chache tu, na watu wazima huzivuka bila kutazama chini. Kwa dada naona mipaka miwili mitatu isiyoandikwa: kazi haizidi nusu saa, mtoto akisema leo sitaki hakuna anayemuuliza mara mbili, na yeye mwenyewe hufanya kazi ileile pembeni yake. Wanaokataa hukaa kwenye kibaraza wakitazama. Mara nyingi kukaa huko hakufiki dakika kumi.

Nje tunakaa mpaka saa nne asubuhi, baada ya hapo jua halina utani. Hapo ndipo michezo yetu ilipopata nafasi, na nakiri kwamba sikuileta kwa kutafakari. Niliileta kwa sababu vifaa vya dukani vilikuwa vimekwisha na pesa nazo. Kombolela inahitaji kopo tu, au dumu tupu la maziwa. Rede inahitaji soksi kuukuu zilizofungwa kuwa mpira, chupa, na mchanga: mmoja yuko katikati anaijaza chupa huku akikwepa mpira unaorushwa kutoka pande mbili. Wavulana waliponiuliza kama huo ni mchezo wa wasichana nikawaambia ndiyo, na kwamba nina wasiwasi kama watauweza. Siku tatu walikuwa wakipigwa mpira wa soksi na binti wa miaka minane.

Dada ana jibu moja kwa mtoto anayesema ameboeka: "Vizuri. Boeka hapo kivulini." Hampi cha kufanya, wala hamfokei. Mwanzoni niliona ni ukali. Kisha niliona kilichotokea kivulini. Nyumba yenye watoto kumi wanaokunywa maziwa kila mlo ina madumu matupu na vifuniko kuliko kitu kingine chochote. Mtoto mmoja alikaa dakika ishirini akivigonganisha vifuniko viwili kama matoazi. Ya ishirini na moja akauliza kama kuna waya. Kufikia mchana kulikuwa na gari, likafuata lori lenye tela, na baadaye wiki nzima ya karakana, barabara za chaki, trafiki mmoja mla rushwa (hiyo sijui waliitoa wapi), na ajali nyingi sana. Ningelikuwa nimewapa mimi wazo la gari la madumu saa tatu kamili, kama ratiba yangu ilivyotaka, lingekwisha kwa dakika sita kama kuchora.

Tuje kwenye saa mbaya. Kila anayelea watoto nyumbani anaijua: saa saba hadi saa tisa mchana, wadogo wanapolala. Nyumba ni ndogo, kuta ni nyembamba, nje hakukaliki, na wakubwa wanatakiwa wawe kimya kwa muda ambao hata watu wazima msikitini au kanisani hawauwezi. Hapa ndipo televisheni inapoita. Kanuni za leseni zinabana muda wa skrini, lakini hata zisingebana, dada aliishajaribu: wanatulia kweli, halafu ikizimwa wanatoka humo na hasira za mtu aliyeamshwa usingizini. Sasa ni filamu moja Ijumaa, baada ya chapati, na wanaipigia kura.

Kilichoiokoa saa hiyo ni bao. Tulitengeneza ubao kwa katoni za mayai. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, mistari minne ya manane. Katoni ya dazeni ina mistari miwili ya sita. Niliwaachia wenyewe wapige hesabu. Baada ya mabishano ya kunong'ona na makasi mengi waligundua kwamba katoni tatu zinatosha na vikombe vinne vinabaki, ambavyo viligeuzwa vyombo vya kuwekea kete za mkononi. Kete ni 64: maharage makavu, yanayohesabiwa kabla na baada ya mchezo, mezani juu, kwa sababu harage likianguka sakafuni mdomo wa mtoto wa miezi kumi na nne utalifikia kabla yako. Mhesabu ni binti wa yule mama aliyetaka hesabu, na hakuna aliyethubutu kuondoka mezani kabla hajatangaza sitini na nne.

Niliwafundisha kama nilivyofundishwa: sita kwenye nyumba, mbili na mbili kwenye mashimo mawili ya jirani yake, ishirini na mbili mkononi. Kwanza kunamua, unaingiza kete moja moja mpaka za mkononi ziishe, ndipo mtaji. Uzuri wa bao kwa saa ile ni kwamba ni mchezo wa kunong'ona. Wanaotazama wanateseka kwa kutaka kusema, hawaruhusiwi, wanang'ata kola za fulana zao. Yule wa Bukavu alikuwa mbovu mwanzoni kwa sababu alikuwa na pupa ya kula. Alipojifunza kuitunza nyumba yake akawa hafungiki. Wiki ya nne alinifunga mimi, akaniangalia kwa huruma, akasema "Pole, Mama Mdogo," kwa sauti ya chini kabisa.

Wasiocheza wanasoma. Maktaba za umma hapa zina mashindano ya kusoma ya majira ya joto, bure, na kitabu kikimalizika kinaandikwa kwenye kadi. Kusafirisha watoto wengi kwa gari ni shughuli, maana sheria ya Texas inataka kiti maalumu kwa kila aliye chini ya miaka minane asiyefikia urefu uliowekwa, kwa hiyo mimi huenda peke yangu Jumamosi na orodha yao. Wazazi wananiuliza kama watoto hawatasahau masomo likizo nzima. Jambo hilo wataalamu wenyewe wanalibishania. Utafiti mashuhuri wa Baltimore uliowafuata watoto kuanzia mwaka 1982 ulionyesha wa familia maskini wakiachwa nyuma kila likizo. Mwaka 2019 Paul von Hippel wa Chuo Kikuu cha Texas, aliyewahi kuamini hivyo, aliandika kwamba aliporudia hesabu kwa mitihani ya kisasa picha ile haikutokea tena. Mimi nawajibu wazazi kwamba mwanao amesoma vitabu tisa chini ya meza, na kwamba meza ile ina kitambaa kirefu.

Tarehe 8 Julai 2024 kimbunga Beryl kikapita juu yetu. Wateja zaidi ya milioni mbili wa umeme mjini na kandokando walikaa gizani, wengine kwa siku nyingi. Bila umeme hakuna kipoza hewa, na bila kipoza hewa dada hawezi kupokea mtoto. Tulifunga. Umeme wetu ulirudi siku ya tano. Watoto walipokuja tena sikuwa nimeandaa chochote, na haikuhitajika. Walikaa sakafuni mduara, wakubwa na wadogo, na kila mmoja alikuwa na habari. Mmoja alilala ndani ya gari na baba yake. Mwingine alikula aiskrimu zote za jengo zima kwa sababu zilikuwa zinayeyuka. Familia moja ilipika nje kwa mkaa, na bibi yao, aliyekulia Kivu, aliwaambia batoto wasilie, kwao umeme ulikuwa hivihivi. Nikawaambia wakitaka kusimulia waanze na paukwa. Hawakuijua. Waliijua baada ya dakika mbili, na wiki ile yote hakuna aliyeomba chumvi mezani bila kusema kwanza paukwa na kujibiwa.

Shikamoo nayo ilifanya hivyo hivyo. Wale wa Kongo hawakuwa na mazoea nayo. Waliisikia kwa wenzao, wakaipenda, wakaanza kumwamkia kila aliyewazidi hata mwezi mmoja. Yule wa miaka kumi na mmoja akawa anaitikia "marahaba" kwa uzito wa mzee wa baraza.

Kuna siku zilikuwa mbaya, nisiwafiche. Kulikuwa na mvulana mmoja wa miaka saba ambaye hakuna jembe lililomfaa. Hakupenda bustani, alimwaga kete, alimwita kila mtu mwongo. Alikuja wiki tatu kisha mama yake akabadilishiwa zamu, hakurudi. Dada husema alihitaji muda zaidi. Mimi nadhani alihitaji usingizi. Aliletwa alfajiri na kuchukuliwa usiku, na hakuna ndoo ya bamia inayotibu hilo.

Shule zilifunguliwa katikati ya Agosti. Ijumaa ya mwisho yule wa Bukavu alipita kwenye ndoo zote kumi na nne, akanionyesha ile inayovuja kana kwamba sijawahi kuiona, akapanda gari la baba yake.

Jumatatu nyumba ilikuwa kimya hadi inakera. Saa mbili na nusu kibarua wake mmoja, wa miaka miwili na miezi, alichukua kikombe chake cha kuchezea akaenda kusimama kwenye mlango wa nyuma. Dada akamwambia kaka yuko shule. Akaendelea kusimama. Dada akamfungulia, akatoka naye. Akaenda moja kwa moja kwenye ndoo ya pembeni na kumimina, maji mengi yakaishia kwenye viatu vyake, akarudi bombani, akamimina tena, akarudi, akamimina mara ya tatu.